Jibu: Mama anaweweseka baada ya upasuaji wa nyonga
Pole sana dada. Umeuliza kama mama kumwita marehemu baba usiku, kisha asubuhi kuongea vizuri, ni uzee tu. Hapana, uzee hauji kwa siku mbili. Huko kubadilika-badilika ndiko kunakonitia wasiwasi. Inaelekea ni diliriamu, yaani akili kuchanganyikiwa ghafla kwa sababu ya tatizo mwilini. Mwite muuguzi leo hii, umweleze alivyokuwa kabla ya upasuaji, maana wao hawamjui kama wewe. Kuna kipimo cha kuitambua kiitwacho 4AT, dakika chache tu: sehemu yake mojawapo ni mama ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma, angalau afike Juni. Jumla ya kipimo chote ikifika alama 4 au zaidi, huenda ni diliriamu, basi daktari atafute chanzo: maambukizi, mkojo kuziba, maumivu, dawa. Mwenye diliriamu anayelala kimya kutwa ndiye husahaulika zaidi wodini. Na mama mvalishe miwani yake, akiona vizuri hupungua kuchanganyikiwa.