Strathspey: ngoma na bonde lake

Mkuu, umeuliza kama Strathspey ni dansi au ni mahali. Ni vyote viwili. Mahali ni bonde la mto Spey, nyanda za juu za Uskoti, kwenye miji kama Aviemore na Grantown-on-Spey. Mto huo una samaki aina ya salmoni, na wiski ya huko inajulikana dunia nzima.

Dansi ndiyo tamu zaidi. Kwa kawaida jozi nne hujipanga, wanaume mstari mmoja na wanawake mkabala nao. Mwendo ni wa taratibu kuliko ril, dansi nyingine ya Kiskoti yenye kasi: unapiga hatua, unaleta mguu wa pili, unapiga tena, kisha mguu wa nyuma unapita mbele huku ukiruka kidogo sana. Wengi hudhani taratibu maana yake rahisi. Hapana, hapo ndipo miguu mizembe inapoonekana!

Sikiliza fidla: noti fupi, halafu ndefu, kama inakatwa. Anza na tungo za William Marshall, aliyezaliwa Fochabers mwaka 1748, karibu na Spey inapoingia baharini. Mimi nampenda kuliko wote.