Usichague Kati ya Hospitali na Ushairi

Binti mmoja wa Micheweni anayesomea uuguzi ameniandikia wiki hii. Anatunga mashairi, anajifunza Kijerumani kwa simu, na mwalimu wake amemwambia aache kushika mambo matatu kwa mkupuo. "Dada, nichague lipi?" ananiuliza. Yeye nimeshamjibu kwa ufupi. Jawabu refu naliweka hapa, maana najua wengi wenu mnatunga, mnataka kwenda nje kusoma, na mmeshaambiwa kwamba mnajitawanya.

Usichague. Tafuta swali moja, halafu vyote vitatu vilitumikie swali hilo.

Mimi ni mzaliwa wa Wete na utafiti wangu ni wa kichocho. Wapemba tumekua nacho. Kimelea chake hulelewa ndani ya konokono wa maji baridi, kikatoka, kikapenya ngozi ya aliyeingia mtoni au bondeni, na mayai yake yakarudi majini kwa mkojo. Watoto wa skuli wamemezeshwa prazikwanteli, dawa ya kichocho, miaka nenda miaka rudi na maradhi yamepungua sana, lakini yapo maeneo ambayo hayaishi. Swali langu lilikuwa dogo: kwa nini mtu anayejua vyema kwamba maji yale yana kichocho anayaingia tena kesho yake?

Dodoso halikunijibu. Nilikaa na kinamama karibu na Kinyasini nikauliza yaliyoandikwa. Unakijua kichocho? Nakijua. Unajua kinapatikana wapi? Najua, tumeambiwa. Nikaweka alama kwenye visanduku mpaka karatasi zikaisha. Jioni, makaratasi yameshakunjwa, bibi mmoja akasema ana jambo la kuniongezea, akaimba:

Bonde lanipa mpunga, na tena lanipa ndwele,
Nikiliacha ni janga, nikilishika vivile.

Hesabu mizani, utaona hakuna iliyopungua. Na jibu langu lote limo humo. Sisi wa afya tulikuwa tunamwambia asiingie bondeni, wala hatukumwambia atakula nini. Tangu siku ile nikawa nakwenda na fomu mkono mmoja na daftari la beti mkono wa pili, na daftari ndilo lililojaa. Wanawake waliolijibu dodoso kwamba hawana tatizo lolote, walipotunga walitaja maumivu ya chini, damu isiyokuwa ya mwezi, na waume waliowadhania mabaya. Madaktari wanalijua hili: kichocho kikishika njia ya uzazi ya mwanamke, dalili zake hufanana na za magonjwa ya zinaa, na wengi hutibiwa maradhi wasiyokuwa nayo. Lakini nani atalisema mbele ya mgeni mwenye kalamu? Kwetu fumbo lina ruhusa ambayo maneno ya wazi hayana. Kisiwa hiki ndicho walichojibizana washairi wetu wa zamani, Kamange na Sarahani. Hatukuanza jana kusema mazito kwa vina.

Nilipolipeleka wazo hili katika ofisi moja iliyokuwa na fedha za utafiti, bwana mmoja mwenye cheo alisoma ukurasa wa mwanzo mbele ya wenzake, akaniuliza kama nimekuja kuomba fedha au kuimba taarabu. Wote waliokuwemo wakacheka. Kicheko kile nakisikia mpaka leo. Sijakisamehe, na sioni haya kukiri. Tasnifu yangu ya uzamivu imepita, makala imekubaliwa na jarida la kitabibu, na beti za wale kinamama zimo ndani kwa Kiswahili chao wenyewe, tafsiri ikiwa chini yake. Nayasema haya kwa fahari, na wewe uliyechekwa ujue kwamba inawezekana.

Anayesema tiba na ushairi havikai nyumba moja, mwulize kuhusu Ibn Sina. Tabibu yule alitunga urjuza ya tiba yenye beti zaidi ya elfu moja ili wanafunzi waihifadhi kwa moyo, ikafasiriwa Kilatini na kusomeshwa Ulaya. Schiller, mshairi ambaye Wajerumani wanamheshimu sana, alisomea udaktari Stuttgart na akaanza kazi akiwa daktari wa jeshi. Gottfried Benn alitibu maradhi ya ngozi na ya zinaa Berlin, naye ni miongoni mwa washairi wakubwa wa Kijerumani wa karne ya 20. Hawa hawakuomba ruhusa ya mtu kuwa wamoja.

Na lugha? Nilikifuata Kijerumani kwa sababu ya swali lile lile. Aliyekigundua kimelea cha kichocho ni Mjerumani, Theodor Bilharz, akiwa Cairo mwaka 1851, na nilitaka kuzisoma mwenyewe barua alizompelekea mwalimu wake kuhusu alichokiona. Kisha kuna Hamburg. Mji ule una Taasisi ya Bernhard Nocht ya maradhi ya nchi za joto, iliyoanzishwa mwaka 1900, na una chuo kikuu. Kiswahili kilisomeshwa mjini humo tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na huko ndiko Ernst Dammann alikochapisha tungo za Lamu mwaka 1940. Asubuhi nilizungumza konokono, mchana nikazungumza vina, na hakuna aliyecheka.

Baridi na makaratasi ya ukaazi nayaruka, kila aliyekwenda ana yake. Ninalokusisitizia ni kuanza lugha kabla ya viza. Mimi nilianza Goethe-Institut Dar es Salaam, sina hata ahadi ya ufadhili. Na usome kwa sauti. Sisi tuliopita chuo cha Kurani kwa maalim tulihifadhi kabla ya kufahamu, na uwezo ule bado tunao. Nilihifadhi mashairi ya Kijerumani nikiwa sielewi nusu yake, nikayasema jikoni, nikayasema njiani, na siku nilipoyafahamu ulimi ulikuwa umeshazoea. Kitenzi chao mara nyingi huja mwisho wa sentensi, nawe unakisubiri kama msikilizaji anavyosubiri kina cha mwisho. Mtunzi ana subira hiyo tayari. Tena mtu aliyekulia ndani ya ngeli zetu zote haogopi jinsia tatu za nomino. Wanaokwenda na Kiingereza peke yake humaliza masomo yao, sikatai, lakini wakati wa chakula wenzao wanapozungumza kazi kwa lugha yao, wao hutazama sahani. Utafiti mwingi huanzia hapo mezani. Jifunze lugha, mdogo wangu. Jifunze kabla hujaambiwa.

Kuna moja nataka ulitayarishe mapema kuliko yote, kwa sababu hakuna atakayekufundisha. Utafiti wa tiba huficha jina la mshiriki, ilhali mtunzi hulitia jina lake kwenye kaditamati. Yule bibi nilipomwambia jina lake halitatajwa, aliniuliza ubeti bila ya jina ni wa nani. Ana haki. Nilichofanya ni kuandaa fomu mbili za ridhaa: moja ya habari za maradhi, ambayo jina halitoki abadan, na moja ya tungo, ambayo mtunzi anachagua mwenyewe jina kamili, lakabu, au asitajwe kabisa. Ubeti unaotaja maradhi ya mtunzi mwenyewe hauchapishwi kwa jina kamili hata akitaka, na hilo unamweleza kabla hajaanza kuimba. Bibi alichagua lakabu, ile ambayo wenzake wa rika lake wanamjua kwayo. Fomu zote mbili zipeleke pamoja kwa kamati ya maadili tangu maombi ya mwanzo, na wakiuliza ya pili ni ya nini, waeleze kwamba washiriki wako ni watunzi.