Gigawati 40 kutoka soketi ya ukutani?

Swali: Mimi ni fundi kwenye mtambo wa kufua umeme kwa gesi, Mtwara. Nimesoma kwamba kuna leza ya maabara inayochomekwa kwenye soketi ya ukutani, na inatoa gigawati 40. Sisi hata gigawati moja hatuikaribii. Inawezekanaje? Na hayo mapigo ya mwanga mafupi kupindukia, ya atosekunde, wanayakataje?

Jibu: Fundi, hesabu ni sahihi. Mpigo mmoja wa leza hiyo hubeba nishati ya milijuli 1, yaani ya kuinua korosho ghafi ya gramu 5 kwa sentimita 2 tu. Ila nishati hiyo yote hutoka ndani ya femtosekunde 25, na femtosekunde ni sekunde iliyogawanywa kwa milioni ya bilioni. Gawanya, utapata gigawati 40. Mapigo yakiwa 1,000 kwa sekunde, wastani wake ni wati 1. Mtambo wenu hufua umeme mfululizo. Leza hii karibu muda wote haitoi kitu.

Kazi ilikuwa kuukuza mpigo bila kuunguza fuwele inayoukuza. Mwaka 1985, Donna Strickland na Gérard Mourou, wakiwa Rochester, Marekani, waliurefusha mpigo kwanza, wakaukuza, kisha wakaubana. Walipata Nobel mwaka 2018.

Swali la pili ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu hawakati kabisa. Mwanga wa leza hizi, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 800 hivi, huchukua femtosekunde 2.7 kumaliza wimbi moja, na atosekunde ni sehemu moja tu ya elfu ya femtosekunde. Kwa mwanga huo huwezi kupata mpigo wa atosekunde, ukate utakavyo. Unahitaji mwanga wa mawimbi mafupi zaidi, na huo unazalishwa na gesi.

Siyo gesi ya kuchoma kama ya Mnazi Bay. Ni arigoni kidogo, na leza inakusanywa juu yake hadi ifikie wati trilioni 100 kwa sentimita ya mraba. Hapo nguvu ya umeme iliyomo ndani ya mwanga inachomoa elektroni kwenye atomi na kuisukumia mbali. Wimbi linapogeuka, elektroni inarudishwa kwa kasi. Ikijibamiza kwenye atomi yake, nishati iliyoipata njiani inatoka kama mwanga wa urujuanimno wa mbali. Kila nusu ya wimbi, kitendo hicho hurudiwa.

Anne L'Huillier na wenzake waliuona mwanga huo Ufaransa mwaka 1987. Mwaka 2001 Pierre Agostini alipima msururu wa mapigo ya atosekunde 250, na Ferenc Krausz akatenga mpigo mmoja wa atosekunde 650. Wote watatu walipewa Nobel mwaka 2023.

Ukiwahi kuona picha ya maabara hizo na ukajiuliza kwa nini kuna pampu na mabomba mengi kiasi kile, ni kwa ajili ya kuondoa hewa. Hewa ya kawaida huumeza urujuanimno huo kabla haujafika kwenye kipimo.