Kwa wewe unayeanza kusoma habari za Waviking wa Lincolnshire

Ndugu yangu, ukipewa mada hii usianze na moto na mapanga. Anza Torksey, kando ya mto Trent. Mambo ya Nyakati ya Waanglo-Saksoni, kumbukumbu za kale za Uingereza za mwaka kwa mwaka, yanaitaja kwa maneno machache tu: jeshi la Waviking lilipiga kambi hapo majira ya baridi ya 872 hadi 873, watu wa ufalme wa Mercia wakafanya nalo amani. Niliposoma hivyo nilidhani ni genge dogo na mahema yake. Kumbe eneo la kambi linafika hekta 55 hivi.

Na ushahidi mwingi haukutoka shimoni. Umeokotwa kwenye udongo wa juu, uliolimwa miaka na miaka, na watu wenye mashine za kutambua metali: mawe ya mizani, kete za risasi kwa mamia, fedha iliyokatwakatwa, na vipande zaidi ya 100 vya dirhamu, yaani sarafu za fedha za Kiislamu. Vipande hivyo vitazame kwa subira. Unakuta kimoja ni kidogo kama ukucha, kingo zimekatwa kwa patasi, lakini maandishi ya Kiarabu bado yapo. Herufi ni za Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, hazina nukta. Hata hivyo, kama umepita madrasa, jicho lako litazishika haraka. Itumie faida hiyo. Fedha ile ilitoka nchi za Waislamu, ikapita mito ya Urusi hadi Skandinavia, ikaishia kupimwa kwa uzito kwenye shamba la Uingereza.

Ila kambi si makazi, na hapa wengi tunateleza. Ukitaka makazi, fuata bizimu za wanawake, zile za aloi ya shaba, za bei rahisi, zilizolika kwa kuvaliwa. Kitu cha namna hiyo si ngawira. Kilikuja kifuani mwa mwenyewe, au kilitengenezwa palepale kwa mtindo wa Kiskandinavia.

Majina ya vijiji yanayoishia na -by, neno la Kiskandinavia la kijiji, kama Spilsby, yanashawishi mno. Lakini mengi tunayakuta mara ya kwanza katika Domesday, daftari la mfalme la ardhi za Uingereza la 1086, miaka 200 na zaidi baada ya kambi. Yanathibitisha lugha; hayakuambii mwaka ambao watu walihamia.

Na kabla hujaweka nukta yoyote kwenye ramani yako, uliza kitu kiliokotwa shamba lipi, kona ipi. Nilikaa miezi miwili na bizimu moja nzuri sana iliyopitia mnadani. Mwishowe niliitoa kwenye kazi yangu, maana hapakuwa na mtu aliyejua ilikotoka.