Maji ya bwawa kwenye hadubini: weupe mtupu

Mwalimu, pole. Umesema kwa ukuzaji wa mara 400 wanafunzi wanaona weupe na vivuli vinavyopita tu. Huenda hadubini ni nzima. Vijidudu vya maji ya bwawa sehemu kubwa ni maji, mwanga unavipita kama kioo.

Kabla ya kununua chochote, tafuta kijiti kidogo kwenye kondensa (lenzi inayokusanya mwanga), chini ya meza ya slaidi; hicho hufungua na kufunga tundu la kupitishia mwanga. Kisogeze taratibu huku unatazama. Tundu likisinyaa, kingo za paramesia, kijidudu cha bwawani, zinajitokeza, na ukibahatika utaona vinyweleo vikipiga. Usilibane mno, maana kingo zitanenepa na vitu vidogo vitapotea. Mimi nilikaa muhula mzima napunguza taa, kumbe nilikuwa nafifisha picha tu.

Ukitaka ving'ae kwenye giza, bandika duara la karatasi nyeusi katikati ya plastiki angavu, uiweke chini ya kondensa, tundu likiwa wazi kabisa. Jaribu saizi mbalimbali. Kwa lenzi ya mara 10 inakubali vizuri. Ya 40 inasumbua.

Rangi ya methilini bluu iachie bakteria, kwani vijidudu hai vya bwawani mara nyingi huviua. Paka maziwa ya mgando yaliyozimuliwa kwenye slaidi, yakauke, pitisha juu ya moto haraka, tia rangi dakika moja, suuza. Vaa glavu, haitoki kirahisi.

Makohozi na kinyesi usiyaguse darasani. Hayo ni ya maabara ya hospitali.