Maswali ya Wasomaji: Tela la Kulala na Gari Linaloliweza

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Minneapolis pamoja na mke wangu na watoto wetu watatu. Sote watano tukipanda mizani tunafika kilo 300 hivi. Tumedhamiria kwenda Yellowstone kiangazi kijacho tukiwa na tela la kulala, ili tusilipie hoteli kila usiku. Gari letu ni Toyota Highlander ya mwaka 2019 yenye injini ya silinda sita, ambayo inaruhusiwa kuvuta ratili 5,000, yaani kilo 2,268. Kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema watu na mizigo kwa pamoja visizidi kilo 600. Muuzaji ametuonyesha tela lenye vitanda vya ghorofa kwa ajili ya watoto, lenye uzito wa kilo 1,770, na ambalo likipakiwa halitakiwi kuzidi kilo 2,220. Anasema gari letu litalivuta bila wasiwasi wowote na bado kutabaki akiba. Mke wangu ameona tuulize kwanza. Je, muuzaji yuko sahihi?

Baba wa Watatu, Minneapolis

JIBU

Ndugu yangu, mpe mama watoto salamu zetu, kwa sababu swali lake limekuja kabla ya fedha kutoka mfukoni. Muuzaji hakukudanganya, lakini alilinganisha namba mbili ambazo barabarani hazikutani kamwe. Zile kilo 1,770 ni uzito wa tela likiwa tupu, kabla halijatiwa maji, gesi, vyakula, magodoro ya ziada, viti, baiskeli na sufuria za mkeo. Maji peke yake hupima kilo moja kwa kila lita, hivyo tangi la lita 150 likijaa ni sawa na kuongeza mifuko mitatu ya saruji. Familia ya watu watano inayokwenda safari ya wiki mbili itafika kilo 2,100 kwa urahisi, na hiyo ndiyo namba ya kufanyia hesabu. Mtu aliye mwangalifu zaidi angetumia kile kikomo cha kilo 2,220 na kusahau kabisa uzito wa tela tupu.

Hata hivyo, jambo linaloniogopesha katika barua yako ni zile kilo 600 za kwenye kibandiko, ambazo wauzaji wengi hawazitaji. Nguvu ya kuvuta ni jambo moja, na mzigo ambao gari linaubeba mgongoni mwake ni jambo lingine, na tela hula katika vyote viwili. Ili kuelewa sababu, mkumbuke msukuma mkokoteni wa Kariakoo. Akipanga magunia mengi nyuma ya magurudumu, mishikio huinuka na kumning'iniza. Akiyapanga mengi mbele, mishikio humlemea mikononi hadi mabega yaume. Kwa hiyo hupanga mzigo uelemee mbele kidogo tu, kiasi cha kuhisi uzito bila kuzidiwa. Tela la kulala ni mkokoteni uleule, isipokuwa mikono inayoshika mishikio ni sehemu ya nyuma ya gari lako. Kile chuma cha mbele kinachofungwa kwenye gari, ambacho hapa nitakiita shingo ya tela, kinatakiwa kiligandamize gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Kikigandamiza pungufu ya hapo, tela huanza kuyumba kushoto na kulia kama mkia wa samaki, na likiwa katika mwendo wa kasi linaweza kuligeuza gari lenyewe.

Sasa tufanye hesabu yako. Asilimia 12 ya kilo 2,100 ni kilo 252, ambazo gari lako litazibeba kana kwamba watu wazima watatu wameketi juu ya bampa ya nyuma. Ongeza watu watano, kilo 300. Ongeza vyuma vya kuunganishia, tuseme kilo 25, na mabegi na kisanduku cha barafu vitakavyokaa ndani ya gari, kilo 60. Jumla ni kilo 637, wakati kibandiko kinasema 600. Gari limekwisha kuzidiwa kabla ya kutoka nje ya Minneapolis, ingawa bado hujafika kikomo chake cha kuvuta. Tena kuna kikomo cha tatu, cha uzito ambao kiungio cha nyuma kinaruhusiwa kubeba kutoka kwenye shingo ya tela. Kwa gari linalovuta ratili 5,000 mara nyingi kikomo hicho ni sehemu ya kumi tu, yaani kilo 227 hivi, na kilo zako 252 zingekipita. Soma kitabu cha gari na maandishi yaliyopigwa kwenye chuma cha kiungio. Vikitofautiana, fuata kile kilicho kidogo.

Huenda ukajiuliza, kama ni hivyo, zile ratili 5,000 zilitoka wapi. Kipimo ambacho watengenezaji wengi wa magari ya soko la Marekani wanakifuata huchukulia kwamba ndani ya gari la abiria la aina hii mna dereva na abiria mmoja, kila mmoja akiwa na ratili 150, yaani kilo 68. Watoto wako watatu hawamo katika hesabu hiyo. Kila anayeketi kiti cha nyuma anapunguza kile unachoweza kuvuta, na jambo hili hutalisikia kwenye matangazo ya televisheni.

Kisha kuna njia yenyewe. Kutoka kwako hadi Yellowstone ni maili 1,000 hivi, na sehemu kubwa utaipita barabara kuu ya 90 katika nyanda za South Dakota, ambako upepo wa ubavuni hauna mlima wala msitu wa kuuzuia, na tela refu lenye kuta pana hugeuka tanga la jahazi. Mbele yake, ukifuata barabara ya 16 kuvuka milima ya Bighorn, utapanda hadi mita 2,946 kutoka usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo (kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) kama ya kwako hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo pale kileleni itakuwa imepungukiwa zaidi ya robo ya nguvu zake, na mafuta ya giaboksi yatakuwa yamechemka. Kushuka ndiko kunakotisha zaidi, kwa sababu breki za gari zilitengenezwa kulisimamisha gari, si gari pamoja na nyumba. Sheria ya Minnesota inataka tela la ratili 3,000 au zaidi liwe na breki zake; wewe hakikisha pia kwamba ndani ya gari kumefungwa kidhibiti cha breki hizo, kwani tela lenye breki za umeme likivutwa bila kidhibiti ni sawa na tela lisilo na breki.

Utaambiwa kwamba kuna kiungio chenye vyuma vya kusawazisha uzito, ambacho huhamishia sehemu ya mzigo kwenye ekseli (mhimili wa magurudumu) ya mbele. Ni kifaa kizuri, na kama kitabu cha gari lako kinakiruhusu, kitumie. Lakini hakipandishi kikomo chochote kati ya hivi nilivyovitaja, na asikushawishi mtu kwamba kilo 37 zilizozidi zitafutwa na chuma.

Ushauri wangu ni mmoja: achaneni na lile tela, mtafute ambalo likipakiwa kabisa halifiki kilo 1,500. Katika uzito huo, watu watano hulala vizuri katika tela la kukunja lenye kuta za turubai, ambalo likifungwa huwa fupi kiasi kwamba upepo wa South Dakota utalipita juu. Ukilipakia hadi uzito wake wote ufike kilo 1,450, shingo yake italigandamiza gari kwa kilo 174, na jumla ya mzigo wa gari lako itakuwa kilo 559. Kuna pia matela madogo mepesi ya faiba, mojawapo, Scamp, likitengenezwa hapo hapo jimboni kwenu, katika mji wa Backus. Mimi nayapenda sana, lakini kwa watu watano mtagombana usiku wa pili. Kama vitanda vya ghorofa ni lazima, basi badilisheni gari kwanza na tela baadaye.

Mkishanunua, msiondoke kabla ya kupima. Madereva wa malori wa kwetu huijua mizani ya Mariakani kama mahali pa kuhofia, ila huko Marekani mizani iliyopo kwenye vituo vikubwa vya mafuta vya malori humpokea yeyote mwenye kulipa ada ndogo. Nendeni mkiwa mmejaza mafuta, familia nzima ikiwa ndani na tela likiwa limepakiwa kama kwa safari, mkapime mara mbili, tela likiwa limefungwa na likiwa limefunguliwa.

SWALI

Mhariri, mimi naishi Leicester na leseni yangu ya gari niliipata hapa Uingereza mwaka 2015. Gari letu lina uzito wa kilo 1,600 na linaruhusiwa kuvuta kilo 1,800. Jirani anasema nisivute tela linalozidi asilimia 85 ya uzito wa gari. Je, hiyo ni sheria? Na mbona Wamarekani wanataka shingo ya tela iwe nzito mara mbili ya tunavyoambiwa huku?

Dada wa Leicester

JIBU

Dada yetu, asilimia 85 si sheria. Ni ushauri ambao vyama vya wenye matela huwapa wanaoanza, na kwa gari lako unakuweka kwenye kilo 1,360. Kwa kuwa ni mara yako ya kwanza, ufuate. Sheria inaangalia vikomo vya gari na vya tela, pamoja na leseni. Tangu tarehe 16 Desemba 2021, mwenye leseni ya kawaida kama yako anaruhusiwa kuvuta tela la hadi kilo 3,500 bila mtihani mwingine, ili mradi gari lenyewe linaruhusu.

Kuhusu shingo, wote wawili wako sahihi kwao. Matela ya Ulaya kwa kawaida ni mepesi zaidi, ekseli yake iko karibu na katikati, na mwendo wake unabanwa: huko kwenu hutakiwi kuzidi maili 60 kwa saa katika barabara kuu za njia pana, wala 50 katika barabara za kawaida zisizotenganishwa. Kwa hiyo asilimia 5 hadi 7 hutosha. Tela la kilo 1,300 litakuwa na shingo ya kilo 65 hadi 91, nawe utazame kikomo cha kiungio cha gari lako. Kikiwa kilo 80, panga vitu vizito sakafuni juu ya ekseli, kisha pima shingo kwa mizani ndogo kila unapopakia upya.