Maswali ya Wasomaji: Mafiga Matatu kwenye Gita la Besi

SWALI: Napiga besi katika bendi ya hoteli hapa Casuarina, Malindi. Mpiga kinanda wetu huniandikia kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya G yenye alama ya kujumlisha. Nikiipiga noti moja moja nasikia vurugu tupu. Nakosea wapi?
Mpiga besi, Malindi

JIBU: Alama hiyo ni ya ogmentedi, yaani meja, kodi ya kawaida iliyotulia, iliyopandishwa noti ya tano ya ngazi yake kwa nusu hatua, ambayo ni freti moja, ile nafasi kati ya vyuma viwili vya shingo ya gita. C meja ni C, E, G. Ogmentedi yake ni C, E, G#.

Usijifunzie kwenye G, freti za huko ni pana mno. Weka kidole cha mwisho freti ya 8 ya uzi wa E, hiyo ni C. Cha pete kiende freti ya 7 ya uzi wa A, cha kati freti ya 6 ya uzi wa D, cha shahada freti ya 5 ya uzi wa G. Umefika C ya juu na mkono haujasogea. Wengi huteleza kwenye uzi wa D: kidole kilichozoea meja hukimbilia freti ya 5. Ukisikia arpejio, yaani kodi iliyopigwa noti moja moja, imetulia, ujue umekosea, ogmentedi haitulii.

Sasa vurugu. Kila noti ina uzi wake, kwa hiyo uliotoka kuupiga bado unalia unapogusa wa pili, na noti nzito zikilia pamoja hazisikizani. Legeza kidole papo hapo kinachofuata kinapokandamiza, lakini kisibanduke kwenye uzi, la sivyo uzi utalia mtupu. Gumba la mkono wa kulia nalo lipande pamoja nawe, lilalie nyuzi ulizoziacha.

Tega metronomu, kile chombo cha kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika, noti moja kwa pigo, nne kupanda na nne kushuka. Noti ya juu utaipiga mara mbili. Halafu shusha umbo zima freti moja. Mwendo usiongezwe mpaka kila noti ikatike safi.

Ile G sasa: freti ya 3, ya 2, ya 1, kisha uzi wa G mtupu. Mara nyingi C ndiyo inayofuata, na hapo ndipo utamu ulipo: D# ya freti ya 1 kwenye uzi wa D inapanda freti moja tu na kuwa E.

SWALI: Nikipiga ogmentedi, nikianzia C au E napata noti zile zile. Je, kitabu changu kimekosewa?
Msomaji, Shela, Lamu

JIBU: Hakijakosewa. Noti hizi ni kama mafiga: zimeachana sawasawa, nusu hatua 4 kila moja, basi lolote laweza kuwa la kwanza. C, E na G# ni kundi moja, na makundi yote ni 4 tu. Shusha umbo kutoka freti ya 8 hadi ya 5 umeyamaliza; ya 4 inakurudisha kwenye noti za C. Jina la kodi hutegemea noti unayoikalia wewe mpiga besi, kwa hiyo mkubaliane na mpiga kinanda kabla.

SWALI: Nyuzi zangu hushika kutu upesi.
Msomaji, Lamu

JIBU: Ni jasho na upepo wa chumvi. Kila umalizapo kupiga, pangusa nyuzi juu na chini kwa kitambaa kikavu cha pamba, kisha gita lirudi mfukoni. Lisitundikwe barazani.